Mswaki wa mti au wa dukani, na machaguo mengine ya kinywani

Mtu akiuliza kati ya mswaki wa mti na ule wa plastiki upi bora, mara nyingi huwa ameuliza maswali mawili kwa mpigo. La kwanza ni la chombo: kipi kinasugua vizuri zaidi? La pili ni la dawa: meno yanahitaji floraidi, yale madini yanayotiwa kwenye dawa ya meno, au kusugua peke yake kunatosha? Yakichanganywa kijiweni, mabishano hayaishi, maana kwenye swali la kwanza mwenye mti ana hoja nzuri tu, na kwenye la pili hana. Nitayatenganisha, kisha nipitie machaguo mengine tunayoyafanya kila siku bila kuyawazia: kusukutua au kutosukutua, mkaa au dawa, soda ya kunywa mara moja au ya kunywa mchana kutwa.

Mti na brashi

Mswaki unaouzwa nje ya misikiti siku ya Ijumaa, iwe Kariakoo, Mombasa au Unguja, kwa kawaida ni mzizi au tawi la mti ambao wenyewe huitwa mswaki, Salvadora persica kwa jina la kitaalamu. Ni mti wa nchi kavu. Unaota huku kwetu, Uarabuni, mpaka Bara Hindi. Bara wengi hukata mwarobaini, au mti wowote waliowakuta wazee wao wakiutumia. Nitazungumzia ule wa kwanza, kwa kuwa ndio uliochunguzwa zaidi.

Umenye gome kiasi cha sentimita moja, utafune, ncha itafumuka iwe nyuzi na mdomo utapata ukali unaopanda puani kama haradali. Ukali huo una kazi. Unatokana na kemikali ya jamii ileile iliyomo kwenye haradali, na maabara zimeonyesha kwamba inazuia baadhi ya bakteria wa kinywani. Mti una pia silika, chembe zinazosaidia kukwangua meno. Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu miaka ya 1980 kwamba pale ambapo kutumia mti ni desturi, watu wahimizwe kuendelea nao. Tafiti kadhaa zilizowalinganisha watumiaji wa mti na wa brashi zimekuta matokeo yanayokaribiana, mradi mtumiaji wa mti awe ameelekezwa namna ya kuushika.

Hilo la kuelekezwa ndilo lenye uzito. Shika miswaki yote miwili uitazame. Ya plastiki, nyuzi zimesimama wima juu ya mpini. Ya mti, nyuzi zimeelekea mbele, mstari mmoja na mpini wenyewe. Kwenye meno ya mbele hakuna tofauti. Ingia ndani sasa, kwenye magego, upande wa ulimi: brashi inafika kwa kugeuza kiganja tu, lakini kijiti kinagonga shavu au kinagusa ncha tu na kuteleza. Ndiyo maana utamwona mtu meno yake ya mbele yanang'aa, akifungua kinywa nyuma ya meno ya chini pana ugaga wa manjano uliokwisha kuwa jiwe. Sehemu hiyo hujenga ugaga haraka kwa kila mtu, kwa sababu mate hutokea hapo karibu, na mwenye mti ndiye anayepata shida zaidi kuifikia. Dawa yake ni kuikunja ncha ikiwa bado laini, au kukata kipande kifupi na chembamba, na kukipeleka makusudi upande wa ndani.

Kosa la pili ni la wote wawili. Kusugua kwa nguvu kwenda na kurudi kama unayekata mbao kunazirudisha fizi nyuma, shingo ya jino inabaki wazi, na maji ya baridi yanaanza kukutia ganzi. Mswaki wa plastiki mgumu ni mbaya kuliko mti uliolowekwa vizuri. Ukienda dukani chukua ulioandikwa laini hata kama muuzaji anakusifia mgumu kuwa ndio unaotoa uchafu. Utando wa kwenye meno ni laini; hauhitaji nguvu, unahitaji kufikiwa. Brashi iinamie ufizi kidogo, uizungushe pole pole jino hadi jino, dakika mbili. Nyuzi zikishatawanyika, au miezi mitatu ikishapita, badilisha.

Ubora wa mti ambao brashi haiwezi kuufikia ni kwamba unakaa mfukoni na hauhitaji maji wala sinki. Aliyepita madrasa anaijua hadithi kwamba lau si kuogopa kuutaabisha umma wake, Mtume angeamrisha mswaki kwa kila sala. Anayeifuata kwa dhati anasugua mara tano kwa siku, wakati mwenye brashi ya bei kubwa mara nyingi anasugua mara moja, asubuhi, huku akiangalia simu. Tahadhari ni moja: usitembee na ncha ileile wiki nzima. Ikishalegea na kubadilika rangi, ikate, umenye mpya.

Kwa hiyo kwenye chombo nasema hivi: brashi laini ina nafuu kidogo kwa ajili ya magego, mti una nafuu kwa ajili ya mchana. Hakuna kinachokuzuia kuwa na vyote. Mswaki wa umeme unaondoa utando zaidi kidogo kuliko wa mkono, lakini kwa bei yake kwetu, pesa hiyo ina kazi nyingine kwanza.

Dawa yenye floraidi na isiyo nayo

Kila ukila kitu chenye sukari, bakteria walio kwenye utando wanaigeuza kuwa tindikali, na tindikali inayeyusha kidogo madini ya gamba la jino. Mate yanakuja kuyarudisha. Jino linatoboka pale ambapo kuyeyuka kumezidi kurudishwa kwa muda mrefu. Floraidi inaharakisha marudisho hayo, na gamba lililorudishwa kwa floraidi linastahimili tindikali kuliko lilivyokuwa awali. Kusugua kunaondoa utando, floraidi inakarabati. Ni kazi mbili, na mti unaifanya ya kwanza tu. Floraidi iliyomo ndani yake ni kidogo mno.

Hapa ndipo ninapoachana na wanaosema chumvi inatosha kwa sababu bibi alitumia chumvi na alikufa na meno yote. Huenda ni kweli kuhusu bibi. Lakini bibi hakuwa akinywa chai ya vijiko vinne vya sukari mara tatu kwa siku na soda kila alipotoka sokoni. Chumvi kwenye maji ya vuguvugu ni nzuri ya kusukutua fizi zikiwa zimevimba, inatuliza. Haina floraidi, na ya chenga ikisuguliwa kavu inakwaruza. Magadi soda ya kuokea inasafisha taratibu, nayo pia haikarabati chochote.

Dukani, usichague kwa rangi ya boksi wala kwa jina la mmea lililoandikwa mbele. Zipo dawa za karafuu na mwarobaini zenye floraidi na zipo zisizo nayo. Geuza nyuma, tafuta namba yenye herufi ppm, yaani sehemu za floraidi katika kila sehemu milioni za dawa: kati ya 1000 na 1500 ndicho kiwango unachokitaka. Ya bei rahisi yenye namba hiyo inaishinda ya bei ghali isiyo nayo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na hiyo ni ishara tosha kwamba haichukuliwi tena kama kipodozi.

Kiasi nacho tumedanganywa na matangazo yanayojaza brashi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtu mzima anatosheka na nusu ya hapo. Mtoto wa chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele, na mzazi ndiye anayesugua. Kuanzia mitatu hadi sita, kama njegere moja. Mkono wa mtoto haujawa na ufundi wa kujisugua mwenyewe mpaka afike kama miaka saba au minane, hata kama anasisitiza kwamba yeye ni mkubwa.

Halafu kuna kile kikombe cha maji. Wengi wetu tukimaliza kupiga mswaki tunajaza kikombe, tunasukutua mara tatu nne kwa kishindo mpaka ladha iishe. Kwa kufanya hivyo tumeiosha floraidi tuliyoinunua. Tema povu, tema tena, basi. Mdomo utabaki na ladha ya dawa, na ndivyo inavyotakiwa. Siku mbili za kwanza ni kero, baadaye hutaona tofauti. Dawa za kusukutua za chupa zenye floraidi zina nafasi yake, ila zitumie saa nyingine ya siku, kwa kuwa nyingi zina floraidi kidogo kuliko dawa uliyopigia mswaki, nawe utakuwa unaondoa kikali kwa kuingiza chepesi.

Wa Arumeru na Nakuru wasome hapa

Yote niliyosema juu ya floraidi yanahitaji nyongeza kwa wanaoishi kwenye Bonde la Ufa na kandokando ya milima ya volkano. Maji ya chini na ya mito mingi pande za Arusha, hasa chini ya Mlima Meru kama Maji ya Chai, yana floraidi nyingi kupita kiasi. Hali ni hiyo hiyo Nakuru na Naivasha upande wa Kenya. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na huko vipo visima vinavyokizidi mara kadhaa. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajijenga ndani ya taya, yaani tangu kuzaliwa mpaka kama miaka minane, anaota meno yenye mabaka meupe au kahawia. Kiwango kikiwa kikubwa zaidi na kwa miaka mingi, mifupa nayo inaathirika. Magadi ya kulainishia maharage na makande huongeza mzigo, kwa kuwa mengi yana floraidi ndani yake.

Kwa hiyo huko chaguo la kwanza ni la maji kabla ya dawa ya meno. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki palepale. Klorini haisaidii. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa bati safi ni bora kwa uji na maji ya kunywa ya mtoto. Njia nyingine ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kule Arusha na mradi wa maji wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru wamelifanyia kazi kwa miaka mingi.

Je, dawa ya meno yenye floraidi iachwe? Kwa mtu mzima, hapana. Meno yake yameshajengwa, hayawezi tena kupata mabaka, na aliyehamia Arusha akiwa na miaka ishirini na tano hana cha kuogopa upande huo. Kwa mtoto, kiasi kile cha umri wake, punje ya mchele au njegere, kifuatwe kwa ukali na afundishwe kutema mapema. Ladha ya pipi kwenye dawa za watoto ni mtego, wanaimeza.

Na hapa ndipo mkaa unapowaumiza watu. Kijana aliyekulia huko anahangaika na rangi ya meno yake, anasikia kwamba mkaa wa kusaga unang'arisha, anasugua kila siku. Baka la floraidi liko ndani ya gamba lenyewe, si uchafu uliogandia juu. Mkaa utaondoa madoa ya chai na tumbaku, kweli, lakini kwa kukwangua, na anayekwangua kila siku anaondoa gamba pamoja na doa. Chini ya gamba kuna tabaka la manjano zaidi. Kwa kazi ya kila siku, kati ya mkaa na dawa ya kawaida sioni pa kubishana.

Soda moja, saa ngapi?

Watu wengi wanapima sukari kwa wingi. Jino linapima kwa mara ngapi. Kila ukimeza kitu kitamu, tindikali inapanda na inachukua kama nusu saa au zaidi kushuka. Weka watu wawili ofisini. Wa kwanza anakunywa soda nzima pamoja na wali wake wa mchana, anaimaliza, anakunywa maji. Wa pili ana chupa ileile mezani tangu saa nne asubuhi, anaipiga fundo moja moja mpaka saa tisa. Sukari ni sawa, lakini meno ya wa pili yameogelea kwenye tindikali mchana kutwa bila mate kupata nafasi. Badala ya soda weka chupa ya chai yenye sukari, matokeo ni yale yale, na hii ya chai ndiyo iliyojificha zaidi kwa kuwa hakuna anayeihesabu kama kitu kitamu.

Kwa wingi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25, vijiko vya chai sita hivi. Soda nyingi za mililita 350 zinavuka hapo peke yake.

Kwa hiyo kashata baada ya chakula ni afadhali kuliko kashata ya saa kumi, ya saa kumi na moja, na nyingine njiani kurudi nyumbani. Ubuyu wa rangi una sukari na uchachu kwa pamoja, nao hunyonywa pole pole, ndio utamu wake. Wala mirungi wanaotafuna kwa masaa huku wakisindikizia soda na pipi, tatizo lao la meno linatoka sana kwenye hivyo visindikizo. Tambuu ni habari nyingine kabisa: popoo yenyewe, ile kokwa inayotafunwa ndani ya tambuu, iliwekwa mwaka 2004 na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na hapo suala linatoka kwenye meno.

Asubuhi au usiku

Ukilazimika kuchagua mara moja tu, chagua usiku. Ukilala mate yanapungua sana, na kilichobaki kwenye meno kinakaa saa saba au nane bila wa kukiosha. Asubuhi tunapiga mswaki kwa ajili ya watu tutakaokutana nao. Chupa ya maziwa au juisi anayolala nayo mtoto mdomoni ni kosa la namna hiyohiyo, na meno ya mbele ya juu ndiyo huoza kwanza.

Kabla au baada ya kifungua kinywa? Kabla ni sawa kabisa. Ukipenda baada, na umekunywa juisi ya ukwaju au chungwa, subiri nusu saa, kwani gamba limelainika kwa tindikali na brashi italichukua.

Ramadhani hesabu inabadilika. Kuanzia magharibi mpaka daku ni tende, kaimati, uji wa sukari, juisi, tena chai usiku wa manane, kisha mchana kinywa kinakauka. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi huku pwani, kupiga mswaki baada ya jua kupinduka ukiwa umefunga ni makuruhu, kwa hiyo mti ni wa asubuhi mpaka adhuhuri. Brashi na dawa zipate nafasi mbili: baada ya daku kabla ya alfajiri, ambapo sukutua tu vizuri usije ukawa na wasiwasi wa kumeza, na kabla ya kulala, ambapo unatema bila kusukutua.

Uzi au kijiti

Nyama na embe la nyuzi huwa tunaviondoa kwa kijiti. Kwa kipande kikubwa kilichokwama, sawa. Lakini kijiti hakiingii pale meno mawili yanapogusana, na ndipo matundu ya pembeni yanapoanzia. Ukikilazimisha kinaisukuma fizi chini. Uzi wa meno unaingia. Uzi wa cherehani unakatikia katikati na unakata ufizi, usijaribu. Kama mapengo kati ya meno yako ni mapana, brashi ndogo za katikati ya meno ni rahisi kuliko uzi. Mara moja kwa siku, usiku.

Likishauma

Karafuu ikiwekwa kwenye jino inatia ganzi kweli, mafuta yake hutumiwa hata na madaktari wa meno. Haizibi tundu. Anayeishi kwa karafuu wiki tatu anampa tundu muda wa kushuka kwenye mshipa, na hapo kilichobaki ni matibabu ya mzizi, ambayo ni ghali, au kung'oa, ambako ni rahisi na ndiko wengi huishia.

Wengi hawaendi mapema kwa kuogopa ile mashine inayolia. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, kwenye shule ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam, ilianzishwa njia ya kuondoa sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono na kuziba kwa saruji maalumu inayoshika kwenye jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Haihitaji umeme, mara nyingi haihitaji hata sindano, na leo inatumika nchi nyingi. Inafaa tundu likiwa bado dogo. Ukiona doa jeusi kwenye gego, au chakula kimeanza kunasa mahali pamoja kila siku, nenda kabla halijauma na uulize kama wanaziba kwa vyombo vya mkono.